Barabara ya Mita Ishirini

Mstari ule ulikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, na hakuna mtu wa Naerim aliyewahi kuukanyaga akajua kwamba ameukanyaga. Ulikuwa kwenye ramani tu, ofisi ya wilaya, umechorwa kwa wino mwekundu kutoka darajani mpaka sokoni, upana mita ishirini. Waliouchora mwaka 1976 walikadiria kwamba mji utafika watu elfu hamsini. Mwaka 2020 watu walikuwa elfu nane na ushei, na wengi wao wana magoti mabovu.

Bang Sun-ok alikuwa mmoja wao. Jiko lake lilikuwa upande huu wa ua, choo upande ule, na kati yao palikuwa na hatua kumi na nne za udongo ambazo wakati wa baridi ziliganda na wakati wa mvua ziliteleza. Nyumba iliyoangukia ndani ya mstari hairuhusiwi kujengwa upya wala kuongezwa chumba. Sheria ndiyo hiyo. Lakini mwaka huu ilikuja sheria nyingine: barabara iliyochorwa ikakaa miaka ishirini bila kujengwa, mstari wake ufe tarehe mosi Julai, isipokuwa wilaya itangaze kabla ya siku hiyo kwamba kweli inaijenga. Sun-ok aliizungushia tarehe hiyo duara kwenye kalenda ya ushirika wa wakulima. Fundi alikwisha kuja, akapima kwa macho, akasema jiko na choo vinaweza kuingia ndani ya nyumba kabla ya majira ya kusindika kabichi.

Simu ililia siku ya Jumatatu akiwa anakaanga ufuta wa Mama Do-yeong, jirani, aliouleta ukamuliwe mafuta. Mumewe, Pyo Gil-nam, hakuwepo.

"Hapo ni kwa mwenyekiti Pyo?"

"Hayupo. Mimi mke wake."

"Shikamoo mama. Mimi naitwa Seo, wa mipango miji, wilayani. Mwambie tu kwamba maoni yenu tumeyapata. Kaya zote kumi na tisa, na mihuri yote inasomeka. Mmetusaidia sana, mitaa mingine inapigana mpaka aibu."

"Maoni gani?"

"Ya kutaka barabara ijengwe, mama. Mstari ubaki."

Sun-ok aliangalia mashine ya kukaangia ikizunguka. "Wote kumi na tisa?"

"Wote."

"Na sisi tumo?"

"Nyinyi ndio wa kwanza kabisa juu ya karatasi."

Alipoirudisha simu mahali pake, ufuta ulikuwa umeshakuwa mweusi. Kilo sita za watu. Alizima mashine, akakaa juu ya gunia, akanusa ule moshi mchungu mpaka ukaisha.

*

Katika mtaa ule muhuri wa kaya ulikaa kwa mwenyekiti. Ilianza zamani, wakati kwenda wilayani kulikuwa safari ya kutwa. Kila nyumba ilichongesha muhuri wa mbao, mwembamba kama kidole cha mtoto, ikampa mwenyekiti auweke kwenye mfuko wa kitambaa. Mbolea ikija anagonga. Mbegu ya mpunga, anagonga. Chanjo ya mafua ya wazee, anagonga, watu wako shambani wala hawajui. Pyo Gil-nam alikuwa amegonga hivyo miaka thelathini na mmoja na haujawahi kupotea hata mfuko mmoja wa mbolea. Ndiyo maana walimchagua kila mara, na mara nyingine hata kuchagua hawakuchagua, alibaki tu.

Aliingia saa ya chakula cha jioni, akavua viatu, akakuta meza haina kitu ila kimchi ya kabichi na wali wa jana.

"Kuna harufu gani humu?"

"Ufuta wa Mama Do-yeong. Nimeuunguza. Kesho utampelekea kilo sita za kwetu, na utamwambia ni wewe umeuunguza."

"Mimi tena?"

"Seo amepiga simu."

Pyo alishika kijiti kimoja cha kulia chakula, akakitafuta cha pili, asikione. "Wale vijana wa siku hizi hawana subira. Nilitaka nikwambie mwenyewe."

"Uliwauliza watu?"

"Niliwauliza lini? Mbolea huwa nawauliza?"

"Barabara si mbolea, Baba Jae-uk."

"Sikiliza. Mstari ukifa, na fidia imekufa. Hatupati hata won moja. Tutakuwa tumekaa miaka arobaini na minne bure."

"Kwa hiyo tukae mingine ili ile isiwe bure?"

"Safari hii wanajenga! Ipo kwenye mpango wa mwaka 2040. Nimekiona kitabu kizima, kina picha."

"Hata ule wa 1976 ulikuwa na picha. Ulinionyesha mimi bi harusi. Ulisema mlango wetu utatazama barabara, tutauza mafuta ya ufuta kwa madereva." Sun-ok alikuwa anaongea polepole, na huyo mume wake alijua kwamba afadhali angepiga kelele. "Ukawaambia watu wasitengeneze kitu. Usiweke bati jipya, barabara mwakani. Usimwage saruji uani, utapoteza saruji, barabara mwakani. Mke wa Tak alitaka kumwaga saruji. Alikuwa ameshanunua mifuko."

"Usimtaje mke wa Tak."

"Aliteleza kwenye barafu akienda chooni, hakuinuka tena. Simtaji mimi, inamtaja barafu."

Pyo aliinuka bila kula. Alikwenda uani, akarudi, akaenda tena. Mzee huyu akikosewa hakai. Sun-ok alimsikia akitembea mpaka kwenye lango na kurudi, mpaka kwenye lango na kurudi, kama anayepima kiwanja.

*

Jumanne Sun-ok alifunga kilemba chake cha shamba, akavaa barakoa, akaenda wilayani. Mlangoni walimpima joto kwenye paji la uso na kumwambia asubiri, joto limepanda. Alisema limepanda kwa sababu ametembea. Wakamwambia asubiri.

Seo alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani iliyojaa ukungu wa barakoa. Alitandaza ramani kaunta.

"Bibi, wewe ndiye mwenye ardhi?"

"Ardhi ina jina la mume wangu. Mimi nina magoti."

"Samahani?"

"Endelea."

Alimweleza vizuri, lazima tuseme haki. Wilaya ilikuwa na mistari saba ya kuamua na pesa za kujenga barabara mbili. Watachagua zile ambazo wenyeji hawazipingi. Mingine itakufa yenyewe tarehe mosi. Karatasi za maoni zinapokelewa mpaka Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Na mtu akileta karatasi yake mwenyewe, ile ya kwanza aliyogongewa haihesabiwi.

"Huo mpango wa 2040," Sun-ok aliuliza, "unasema tutakuwa watu wangapi?"

Seo alisita. "Elfu sita."

"Na barabara bado ya mita ishirini?"

"Tumeipunguza, bibi. Kumi na mbili."

"Inapita wapi kwangu?"

Kijana akachukua rula. Aliiweka, akaisogeza, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. "Jiko linaondoka. Na robo ya chumba." Halafu, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema: "Choo kinabaki."

Mwanamke aliyekuwa nyuma kwenye foleni alicheka ndani ya barakoa. Sun-ok hakugeuka.

"Nipe karatasi ishirini."

"Kumi na tisa zinatosha, bibi, kaya ni kumi na tisa."

"Moja ni yangu mimi."

*

Mfuko wa mihuri ulikaa kwenye droo ya chini, pamoja na betri na risiti za umeme. Sun-ok aliuchukua Jumatano asubuhi mumewe alipokwenda kuangalia maji ya mpunga, akaufunga kiunoni chini ya aproni, akaanzia nyumba ya kwanza kutoka darajani.

Alitarajia kwamba kazi itakuwa kuwashawishi. Kumbe kazi ilikuwa kuwafanya washike mihuri yao. Mama Do-yeong aliutazama wake kama meno ya bandia ya mtu mwingine.

"Huu sijauona tangu mwaka wa Olimpiki ya hapa kwetu. Umekuwa mdogo hivi?"

"Ni wewe umenenepa. Soma karatasi. Mstari ubaki, au mstari uondoke."

"Mwenyekiti anasemaje?"

"Mwenyekiti ana wake."

"Dada, usinigombanishe na mwenyekiti. Ndiye anayeandika majina ya ruzuku ya mafuta ya taa."

"Kwani mafuta ya taa utayachomea wapi, kwenye nyumba inayovuja? Na ufuta wako nitakulipa, kilo sita."

"Saba," alisema Mama Do-yeong akitafuta wino. "Zilikuwa saba. Na niandikie hapo: uondoke."

Eom, muuza tambi wa kona, alitaka barabara na hakuona haya. "Magari yatasimama mlangoni kwangu, shangazi."

"Magari yapi?"

"Yatakuja. Barabara ikiwepo gari linakuja."

"Basi gonga."

"Hukasiriki?"

"Nakasirika. Gonga vizuri, usipake wino pembeni, Seo asije akasema hausomeki."

Nyumba mbili alikuta mihuri imewazidi umri wenyewe. Bibi Noh alikuwa amekufa miaka mitatu, na mzee wa nyumba ya karibu na bohari alizikwa tangu majira ya kupukutika majani. Wote wawili walikuwa wameomba barabara juma lililopita. Sun-ok alisimama mbele ya lango lililofungwa kwa waya, mihuri miwili mkononi, akairudisha kwenye mfuko. Majirani walimwona wakajifanya wanafagia.

Kwa Mzee Tak alikwenda mwisho, Alhamisi jioni. Huyu aliamini hana haja ya kumweleza. Tak alikuwa amekaa kwenye kibaraza, anamenya vitunguu saumu. Aliupokea muhuri, akaufuta kwenye suruali, akasoma karatasi yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini. Halafu akagonga penye "ubaki."

"Kaka Tak."

"Nimeona nilipogonga."

"Lakini wewe..."

"Nataka waje na katapila," Tak alisema. Alikuwa anatazama pale uani, kati ya jiko na choo. "Waje wachimbe hapa, wamwage lami, magari yapite juu yake. Mimi nimechoka kupaona. Mstari ukifa, nitapaona mpaka nife."

Sun-ok alivuta kigoda. Alikaa naye, wakamenya vitunguu vilivyobaki, kisha akaikunja karatasi ya Tak akaiweka pamoja na zile nyingine. Njiani aliwaza kuitupa. Angeitupa, nani angejua? Alifika nyumbani nayo.

*

Ijumaa saa kumi na moja na nusu alikuwa kaunta. Karatasi kumi na moja za kuondoa, tano za kubakisha, na yake mwenyewe aliyoiandika kwa kalamu.

"Bibi, hapa hakuna muhuri."

"Wa nyumba ni wa mume. Wangu sikuwahi kuchongewa."

"Sahihi inatosha." Seo aliziweka karatasi sawasawa, akazihesabu, akachukua ile ya kwanza ya mwenyekiti kulinganisha. Kidole chake kikasimama. "Huyu Noh, na huyu wa karibu na bohari, mbona hawajaleta?"

Sun-ok alinyoosha kona ya karatasi ya juu.

"Bibi?"

"Hawawezi kuja."

"Wamehama?"

Sun-ok alitikisa kichwa. Kijana alielewa taratibu, na jinsi alivyoelewa ndivyo alivyozidi kuwa mdogo ndani ya shati lake. Alisema kwa sauti ya chini, asisikiwe na meza za nyuma: "Bibi, kugonga muhuri wa mtu bila ruhusa ni kosa. Wa marehemu... hilo linakwenda polisi. Ni nani aliyegonga?"

Angeweza kusema sijui. Angeweza pia kulitaja jina, akamaliza miaka thelathini na mmoja ya uenyekiti kwa neno moja, na mstari ungekufa pale pale bila kuhesabu karatasi. Alikuwa bado ameshika ukingo wa kaunta wakati mlango uliposukumwa, na mlinzi akaita, "Mzee, joto! Hujapimwa joto!"

Pyo Gil-nam alikuwa amekuja kwa pikipiki. Kofia ya chama cha wenyeviti ilikuwa kichwani, barakoa iko kidevuni, matope mpaka magotini. Alikuwa amefungua droo saa kumi akakuta betri na risiti.

"Ni mimi," alisema. Alikuwa ameiona karatasi yake ya kwanza chini ya kidole cha Seo. "Niligonga yote kumi na tisa. Niligonga mezani kwangu, nikinywa chai. Sikukumbuka kwamba wawili wamekufa, na mazishi yao yote mawili mimi ndiye niliyesimamia."

"Mzee, usiseme kwa nguvu."

"Nitasema vipi?"

Seo alitazama nyuma, akatazama saa. Alitoa karatasi nyeupe. "Andika kwamba ile ya kwanza ililetwa kimakosa, unaiondoa yote. Kila mtu abaki na aliyoileta mwenyewe. Nitajua namna ya kuipokea. Andika sasa hivi, zimebaki dakika kumi na tano."

Mzee alishika kalamu iliyofungwa kwa uzi kaunta. Uzi ulikuwa mfupi, ikabidi ainame. Miwani aliisahau, hivyo mke wake ndiye aliyemwonyesha kwa kidole mahali pa kuandika, na yeye akaandika herufi kubwa kama za mtoto wa shule, watu wa foleni wakisubiri. *Ililetwa kimakosa.* Pale penye "kimakosa" alikosea, akakata, akaandika tena.

"Na maoni ya kaya yako?" Seo aliuliza. "Hakuna aliyeyaleta."

Sun-ok aliingiza mkono chini ya aproni. Mfuko ulikuwa na muhuri mmoja wa aliye hai. Aliuweka mbele ya mumewe, pamoja na karatasi moja tupu, akamwonyesha kwa kidole: hapa ni ubaki, hapa ni uondoke. Kisha akageuka, akasoma tangazo la kunawa mikono ukutani, hatua zote sita.

Alisikia mbao ikigonga.

"Basi," alisema Seo, anajumlisha. "Kuondoa kumi na mbili. Kubaki sita."

Nje, Pyo alihangaika na pikipiki bila kuiwasha. "Ulijua nitagonga wapi."

"Nilijua."

"Mbona ulinipa?"

"Ni wako." Akapanda nyuma. "Washa, mvua inakuja."

*

Tarehe mosi Julai haikutokea kitu. Mstari haukuwahi kuwa chini kwenye udongo, kwa hiyo hakuna aliyekuja kuufuta. Gazeti la wilaya lilitoa orodha ya mistari mitano iliyokufa, na ule wa darajani mpaka sokoni ulikuwa wa tatu. Eom alilibandika kwenye kioo cha duka lake, akaandika kwa mkono chini yake: tambi zipo kama kawaida.

Tarehe mbili Pyo aliamka mapema, akavaa kofia, akatoka. Watu walimwona darajani, amesimama katikati, anatazama upande wa soko kama mtu anayelenga shabaha. Halafu akaanza kutembea. Hakufuata kichochoro. Alinyooka. Alipita kwenye bustani ya pilipili ya mtu, akaruka mfereji, akapita kati ya banda la kuku la Mama Do-yeong na kamba zake za kuanikia.

"Mwenyekiti, unakwenda wapi?"

"Barabarani."

Mama Do-yeong alichukua shuka lake lililoguswa na bega. Alimfungulia lango la nyuma.

Kwa Tak alipita kati ya jiko na choo. Tak alikuwa kibarazani. Mwenyekiti alisimama pale, mahali penyewe, akavua kofia. Hawakusalimiana. Alikaa amesimama muda wa kumaliza sigara, ingawa havuti, akainama, akavaa kofia, akaendelea.

Alipofika kwake aliingia kwa kubomoa kidogo, kwa sababu ukuta wa mawe ulikuwa njiani. Aliyaondoa mawe matatu ya juu, akapandisha mguu, akavuka. Fundi alikuwa amekwisha kufika. Vijiti vilikuwa vimechomekwa ardhini na kamba ya buluu imevutwa baina yake, na Sun-ok alikuwa anabishana naye kuhusu dirisha. Pyo alikuja moja kwa moja, macho yakielekea sokoni, mguu tayari umeinuka juu ya kamba.

"Zunguka," alisema mke wake bila kumtazama. "Hapo ni jikoni."

Mguu ulibaki hewani. Mzee alitazama chini, kwenye kamba, kwenye udongo mtupu uliozungushiwa, akaurudisha mguu taratibu, akashika kijiti cha kona asije akaking'oa, akazunguka.